Rafu Tatu za Kabati Moja: Mzimu, Mshairi na Mwanachuoni

Muhula uliopita nilialikwa katika shule moja ya sekondari, ambayo sina haja ya kuitaja, kwenda kuzungumza na wanafunzi wa Kidato cha Tatu juu ya usomaji wa fasihi. Kabla ya mazungumzo, mwalimu anayesimamia maktaba alinifungulia kabati la vitabu vya Kiswahili. Lilikuwa kabati zuri lenye rafu tatu. Rafu ya juu ilibandikwa karatasi iliyosema "Walimu Pekee", na humo mlikuwa na vitabu vya uhakiki, kamusi na historia ya lugha. Rafu ya kati ilikuwa ya ushairi, na vumbi lililotanda juu ya diwani zile lingetosha kuandikia jina kwa kidole. Rafu ya chini, ya hadithi, ilikuwa nusu tupu. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba vitabu kadhaa viliondolewa baada ya mzazi mmoja kulalamika kuwa vinawafunza watoto habari za majini na mizimu.

Hayo niliyavumilia. Lililonikera hasa lilitokea ukumbini. Nilikuwa nikieleza habari ya riwaya ambamo babu aliyekwisha kuzikwa anamrudia mjukuu wake, pale mwanafunzi mmoja aliponyosha mkono akauliza: "Mwalimu, wafu hawafufuki wakazungumza na wajukuu wao. Kwa nini tusome jambo ambalo sote twajua ni uongo?" Kabla sijafungua kinywa, mwenzake wa safu ya nyuma alimjibu: "Wewe andika uhalisiajabu, upate alama zako mbili, uendelee na swali jingine." Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka pamoja nao, lakini njiani nikirudi nyumbani kicheko kile kilinigeukia kikawa donge kooni.

Mpenzi msomaji, tazama vizuri jambo lililopita pale. Mwanafunzi wa kwanza aliuliza swali la haki, swali ambalo kila msomaji makini anapaswa kuliuliza. Mwanafunzi wa pili alikuwa na jibu linalokubalika na mtahini, ila jibu lenyewe lilikuwa kaburi la swali. Wa kwanza alitaka kujua. Wa pili alitaka kumaliza. Na sisi walimu, tuseme kweli, tumezoea kumpongeza wa pili.

Makala haya yamekusudia kumjibu yule wa kwanza. Dai langu ni moja, nalo ni kwamba kitabu cha elimu, hadithi ya maajabu na diwani ya mashairi ni watoto wa tumbo moja. Katika Kiswahili watatu hao hawakuwahi kulala nyumba mbalimbali. Shule ndiyo iliyowatenga, na anayesoma mmoja akawaacha wawili hatamwelewa hata huyo mmoja aliyemchagua.

Tuanze na mkongwe. Hakuna mwanafunzi wa Kenya asiyepata kusikia jina la Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini. Mnamo mwaka wa 1913, Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliitunga habari yake kwa utendi, akafuata masimulizi yaliyokuwa yakirithiwa na watu wa kule tangu zamani. Kwa mujibu wa habari hiyo, Liyongo alitiwa gerezani kwa amri ya mtawala wa Pate aliyemwonea wivu na kumwogopa. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, lakini walinzi walikuwa wakikinyakua kila chakula kizuri. Basi Liyongo akatoa maneno ya fumbo kwa wimbo, Saada akayafikisha, na mama akayafumbua: akaoka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani yake. Walinzi walipouona mkate ule wa makapi waliudharau wakauacha upite. Usiku ule wa ngoma ya gungu, huku watu wakiimba na vyombo vikivuma, Liyongo aliikata minyororo yake kwa tupa ile, na mlio wake usisikike.

Ukisonga mbele unakuta mambo ya ajabu zaidi. Mtu huyu hauawi kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo anaitoa kwa mwanawe mwenyewe, na mwanawe ndiye anayemchoma akiwa usingizini, kwa tamaa ya ahadi za mtawala. Anapozinduka na uchungu, Liyongo anashika uta wake, anakwenda hadi kisimani na kupiga goti huku ameuvuta tayari kutupa mshale. Hapo anakata roho. Watu wa mji wanakaa siku kadhaa bila ya kuteka maji, wakimwogopa maiti wakidhani yu hai.

Sasa nakuuliza: kitabu hiki tukiweke rafu ipi? Kwa kuwa kimeandikwa kwa beti, kiende kwa mashairi. Kwa kuwa kina mtu asiyeuawa kwa silaha na maiti anayewazuia watu kuteka maji, kiende kwa hadithi za maajabu. Na kwa kuwa wanachuoni hadi leo wanabishana kama Liyongo alikuwa mtu wa historia au la, na kama aliishi basi ni karne gani, kiende rafu ya "Walimu Pekee". Profesa M. M. Mulokozi alipokihariri na kukichapisha pamoja na Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona katika kitabu Tenzi Tatu za Kale mwaka wa 1999, alikusanya ushairi na elimu ndani ya jalada moja. Kitabu ni kimoja, nazo rafu zote tatu zinakidai.

Nitaurudia mkate ule wa wishwa, kwa maana ndani yake mna jibu la mwanafunzi wetu. Kwanza, hata hivyo, tuendelee kuwapitia wenyeji wa nyumba hii.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka wa 1909 na kufariki mwaka wa 1962, anajulikana kwa wengi kama mshairi. Lakini huyo huyo ndiye aliyeandika insha, ndiye aliyeandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, na ndiye aliyetupa Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka wa 1952. Humo mna majini na watu waliogeuzwa manyani. Adili, kiongozi mwenye sifa njema, ana desturi ya kutisha: kila usiku huwapiga viboko manyani wawili, naye huku akilia. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomdhulumu kwa husuda, na amri ya kuwaadhibu imetoka kwa majini. Msingi wa kisa hiki unafanana na ngano mojawapo ya Alfu Lela Ulela, ila Shaaban Robert amekivika vazi la Kiswahili.

Mwanafunzi wa pili angesema hapa, "Andika uhalisiajabu." La hasha! Kwanza, jina hilo halifai kwa ngano ya namna hii. Pili, linatufichia jambo lenyewe. Je, ni nani kati yetu asiyejua jamaa walioharibiana kwa sababu ya urithi, shamba au cheo? Je, ni nani asiyejua jinsi mwenye haki anavyoumia anapolazimika kumwadhibu wa tumbo moja? Hasira, huruma na wajibu vinapopigana ndani ya moyo wa mtu mmoja, maelezo ya kawaida huchukua kurasa mia. Mtu anayempiga nyani huku akilia ameyaeleza yote kwa picha moja. Hiyo ndiyo kazi ya jini katika kitabu kile. Na anayezijua tungo za mwandishi huyo, jinsi anavyousifu utu na kuulaani uhasidi, hatashangaa kukuta majina ya ndugu wale ni Hasidi na Mwivu. Mashairi yake ni ufunguo wa hadithi yake.

Hali kadhalika upande wa elimu na ushairi. Mnamo mwaka wa 1954, Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Tazama jina lenyewe: nusu ya kwanza ni elimu, nusu ya pili ni mashairi. Alieleza vina na mizani vinavyokwenda, kisha akatoa tungo zake mwenyewe ili msomaji apime. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, wasomi wawili waliopingana naye kuhusu ulazima wa vina na mizani, K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi, walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Nao pia walitanguliza hoja kisha wakaweka diwani. Mgogoro wa mashairi ya kimapokeo na mashairi huru ulikuwa mkali, watu wakarushiana maneno magazetini na vyuoni. Lakini katika jambo hili moja mahasimu hao walikubaliana bila ya kujijua. Kila upande uliona ni aibu kutoa sheria ya ushairi bila ya kuleta shairi, na ni upungufu kuleta shairi bila ya kueleza msingi wake. Katika shule zetu, mwanafunzi hupewa sheria leo, na shairi huliona siku ya mtihani.

Njoo kwa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliyetutoka Januari 2020. Mnamo 1974 alitoa Kichomi, diwani iliyowasha moto wa mgogoro huo nilioutaja. Mnamo 1985 alihitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Miaka mitano baadaye, yaani 1990, ikatoka Nagona, na mwaka uliofuata ikafuata Mzingile. Hizi ni riwaya fupi, nyembamba, ambazo unaweza kuzitia mfukoni mwa koti, lakini ni nzito kuliko jiwe la kusagia. Msimulizi anasafiri katika nchi ya magofu na ukimya, akikutana na watu ambao huwezi kusema kwa yakini kama wako hai au wamekufa.

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba mara ya kwanza niliifunga Nagona kabla ya kufika katikati. Nilidhani mwandishi ananidhihaki. Niliirudia baada ya kusoma tena Kichomi, na baada ya kusoma uhakiki wa wasomi walioeleza swali lililomshughulisha Kezilahabi: mtu ataufikiaje ukweli ikiwa lugha na fikra alizorithi ni magofu? Ndipo nikaona kwamba ile nchi ya magofu ni swali lile lile lililopewa nyumba, njia na wakazi. Nikakumbuka pia kwamba huko nyuma, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi aliyatazama magofu ya majumba ya Pate akaiuliza nafsi yake swali la mwisho wa mwanadamu. Washairi wetu walijifunza zamani kuyasemesha magofu. Aliyesoma utenzi ule haingii katika Nagona kama mgeni asiye na mwenyeji.

Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar naye ni vivyo hivyo. Walimu wengi wa Kenya wanamkumbuka kwa Utengano, riwaya ya mwaka wa 1980. Mwaka huo huo alitoa diwani ya Sikate Tamaa. Mwaka wa 1995 akatuandikia Kunga za Nathari ya Kiswahili, kitabu cha kufundishia riwaya, tamthilia na hadithi fupi. Kisha, mwaka wa 2001, akaandika Babu Alipofufuka, ndicho kisa nilichokuwa nikikieleza siku ile ukumbini. Mhusika mkuu anaitwa K, herufi tupu, mtu wa cheo na starehe. Na mzimu wa babu yake unamjia kumwonyesha jinsi watu wake walivyokongoroka wakati yeye akineemeka. Mtu yule yule, basi, amefundisha kunga, ametunga mashairi na ameita mzimu. Tukimkata vipande vitatu tutabaki na vipande, hatutabaki na mtu.

Hapa kwetu Kenya mifano haikosi. Katama Mkangi alikuwa msomi wa elimu ya jamii na mhadhiri wa chuo kikuu. Katika miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini bila ya kufunguliwa mashtaka. Mwaka wa 1995 alichapisha Walenisi, habari za Dzombo, mtu aliyehukumiwa na kutiwa katika chombo cha angani ili aangamie, akajikuta katika ulimwengu mwingine wenye usawa na utu. Soma jina la ulimwengu huo polepole, uligawe, nalo litakwambia: wale ni sisi. Kyallo Wadi Wamitila, ambaye vitabu vyake Uhakiki wa Fasihi cha 2002 na Kamusi ya Fasihi cha 2003 vimo mikononi mwa walimu wengi, ndiye aliyetoa Bina-Adamu! mwaka huo wa 2002, safari ya ajabu kupitia kijiji cha utandawazi na mabara yake. Yaani aliyetufundisha istilahi ndiye aliyetupa maajabu ya kuzijaribia.

Sasa nimjibu mwanafunzi wangu. Uliuliza, kwa nini mwandishi amfufue maiti ilhali sote twajua maiti hafufuki?

Mwanangu, tazama yaliyowapata walio hai. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana tu alipoandika karatasi ya siasa mwaka wa 1968 yenye jina la swali, Kenya Twendapi? Aliuliza waziwazi, akafungwa. Miaka yake ya gerezani, kuanzia 1969 hadi 1972, ndiyo iliyotupa diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka wa 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Tungo hizo aliziandika kwa siri juu ya karatasi za msalani. Humo utamkuta mamba, utaukuta mnazi unaogombewa, na asiyejua atasema ni mashairi ya wanyama na miti. Anayejua atakwambia ni nani mamba.

Hilo ndilo fumbo, na fumbo ni mali ya washairi wa Kiswahili tangu enzi za Liyongo hadi Muyaka bin Haji wa Mvita, hadi leo. Mzimu katika riwaya ni lile lile fumbo la mshairi, limetoka katika ubeti likavaa miguu likaanza kutembea. Mtu aliye hai akimwambia mkubwa ukweli, hushikwa. Maiti hawekwi kizuizini. Babu aliyefufuka aweza kuingia chumbani mwa mkubwa usiku wa manane, bila ya hodi na bila ya kuogopa mlinzi wa lango, akamwambia yale ambayo mjini hakuna athubutuye kuyasema. Kwa hiyo si kwamba mwandishi hajui wafu hawasemi. Anajua sana. Anachokuuliza ni hiki: mbona walio hai nao hawasemi?

Na hapo ndipo mwanachuoni anapohitajika. Fumbo bila ya mfumbuzi ni kelele. Yule atakayekueleza Kenya ya mwaka wa 1968 ilikuwaje, atakayekwambia Pate ilianguka kwa sababu gani, atakayekufunulia maana ya neno la Kiamu lililoachwa na wasemaji wa leo, huyo ndiye mama wa Liyongo aliyepokea wimbo akaelewa kwamba mwanawe anataka tupa. Bila ya wimbo wa fumbo, ujumbe usingetoka gerezani. Bila ya mkate wa makapi ambao walinzi waliudharau, tupa isingeingia. Bila ya akili ya mama, wimbo ungeishia hewani. Mshairi, mzimu na mwanachuoni walikuwa pale, na mtu akatoka kifungoni.

Najua kuna watakaonipinga, na si haki kuwapita bila ya kuwasikiliza.

Wa kwanza ni mzazi aliyelalamika. Hofu yake naiheshimu, maana mlezi asiyejali mtoto wake anasoma nini si mlezi. Lakini kusoma habari ya jini si kuliabudu, kama vile kusoma habari ya mwizi si kuiba. Ebrahim Hussein katika tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka wa 1969 alionyesha jinsi imani ya maji iliyowaunganisha watu dhidi ya Wajerumani katika vita vya 1905 hadi 1907 ilivyokuwa nguvu na hatari kwa wakati mmoja. Yaliwapa watu umoja, nayo hayakuzuia risasi. Mwanafunzi aliyesoma kisa kile kwa makini ni mgumu zaidi kudanganywa na mganga wa uongo kuliko yule aliyefichwa. Mzazi mwema ataomba mwalimu afundishe vizuri. Hataomba rafu ibaki tupu.

Wa pili ni mwalimu mwenzangu atakayesema: "Wewe waandika gazetini, mimi nina wanafunzi hamsini darasani, silabasi ndefu, na mtihani wa kitaifa mlangoni." Kweli tupu, nami chaki nimeishika. Simlaumu. Lakini miongozo ile inayouzwa kila kona ya mji, yenye maudhui yaliyoorodheshwa na mbinu zilizohesabiwa, inakula saa zile zile ambazo zingetosha kukisoma kitabu chenyewe. Mwanafunzi anaukariri muhtasari wa kitabu ambacho hajakifungua. Mtahini anapobadili swali kidogo, jengo lote linaporomoka. Aliyekisoma kitabu kwa macho yake haogopi swali lililogeuzwa.

Wa tatu ni msomaji wa kawaida anayedai kwamba riwaya hizi mpya ni ngumu mno na vitabu vya uhakiki vimejaa majina ya Wazungu na nadharia zao. Huyu nampa nusu ya haki yake. Baadhi ya vitabu vyetu vya elimu vimeandikwa kana kwamba msomaji ni adui anayepaswa kushindwa. Nadharia inayotajwa bila ya kutumiwa juu ya ubeti hata mmoja wa Kiswahili ni nguo iliyoanikwa isiyo na mvaaji. Na si kila riwaya yenye mzimu ni bora. Wapo waandishi wanaoleta maajabu ili kuficha kwamba hawana la kusema. Kipimo ni rahisi. Uondoe mzimu ule katika hadithi, kisha uangalie kama kuna ukweli uliopotea pamoja nao. Ukiona hakuna kilichopungua, basi ulikuwa pambo tu.

Tufanye nini basi? Sina dawa ya muujiza, ila nina mapendekezo machache ambayo hayahitaji fedha za serikali.

Kwanza, ile karatasi ya "Walimu Pekee" ibanduliwe. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayeweza kusoma swali la mtihani anaweza kusoma ukurasa mmoja wa Tungo Zetu, kitabu cha Ibrahim Noor Shariff cha mwaka wa 1988, akajua kwamba ushairi wa Kiswahili una bahari nyingi kuliko alizotajiwa darasani.

Pili, vitabu visomwe kwa mafungu, si kimoja kimoja. Mwalimu anayefundisha Fumo Liyongo asome na utendi wenyewe, wala asitosheke na ngano iliyofupishwa, kisha awape wanafunzi kazi ya kubishana: Liyongo aliishi au hakuishi, na kwa ushahidi gani? Anayefundisha Adili na Nduguze alete tungo mbili tatu za Shaaban Robert siku hiyo hiyo. Atakayethubutu kuleta Babu Alipofufuka alete na Sikate Tamaa. Nagona na Mzingile viachiwe walio vyuoni, lakini wao wasivisome bila ya Kichomi. Shule isiyo na nakala za kutosha inaweza kusoma kwa sauti: mmoja anasoma, arobaini na tisa wanasikiliza. Ndivyo tenzi zetu zilivyosikika barazani na misikitini kabla ya mashine ya chapa kufika.

Tatu, na hili ndilo kuu, istilahi ije mwisho. Mwanafunzi asome kwanza, ashangae, akasirike, aulize, kisha ndipo aambiwe kwamba jambo hilo wanachuoni wameliita jina fulani. Tukianza na jina, tunampa kifuniko cha chungu kabla hajanusa mchuzi.

Juma moja baada ya ziara ile, nilipokea barua kutoka kwa yule mwanafunzi wa kwanza, kupitia kwa mwalimu wake. Hakuniandikia sifa. Aliniandikia swali jingine: kama babu katika riwaya ile amekuja kumwonya mjukuu, mbona amengoja mpaka afe ndipo aseme; alipokuwa hai alinyamaza kwa nini?

Nimelitafakari swali hilo siku nyingi na sijapata jibu la kunitosheleza. Pengine babu alikuwa mwalimu mwenye silabasi ndefu. Pengine alisema kwa fumbo na mjukuu akaandika jina la mbinu, akapata alama zake mbili, akaendelea. Ninachojua ni kwamba mtoto aliyeuliza hivyo ameusoma mkate wa wishwa hadi meno yake yakagonga tupa. Mwalimu wake amenijulisha kwamba amemruhusu kuchukua vitabu kutoka rafu zote tatu.